MKALIMANI NDANI YA KOMPYUTA: Somo la Kugeuza Video Nyumbani kwa Kadi ya Michoro

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nami sithubutu kuwapinga. Hata hivyo, katika makala haya nataka kuwaonyesha kwamba akiba ya video yaweza kuoza ikiwa mikononi mwa mwenye haraka, na kwamba dawa yake huenda imo tayari ndani ya kompyuta mliyo nayo nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Likizo ya Desemba jamaa zetu walikusanyika kwetu kumkumbuka marehemu nyanya, mzaa mama. Wakati wa uhai wake, mama mdogo alimrekodi kwa simu mara tatu: mara ya kwanza akisimulia ngano, ya pili akieleza chimbuko la ukoo, na ya tatu akisuka kiondo hatua kwa hatua. Rekodi hizo tunaziweka katika kompyuta kuukuu ya mezani ambayo tumeifanya seva, yaani mtumishi wa nyumba. Hukaa pembeni ikiwa imewashwa, na yeyote mwenye runinga au simu mle nyumbani huiomba video, nayo ikampa.

Basi siku hiyo sebule ilijaa pomoni. Watoto wakaketi mkekani. Tukaichagua ile video ya ngano, na nyanya akatokea kwenye runinga. "Paukwa!" akasema. Kabla hatujaitikia "Pakawa!" picha ikaganda. Ikaenda sekunde tatu, ikaganda tena. Lo! Watoto wakaanza kucheka.

"Hii intaneti ya siku hizi ni bure kabisa!" mjomba akalalamika.

"Mjomba, hapa hatutumii intaneti," nikamjibu kwa adabu. "Video yenyewe imo humu humu chumbani."

"Basi kompyuta yenu imezeeka. Nunueni kadi ya michoro. Ama mzipunguze hizo video, mfute zile kubwa. Mbona mimi ile ya kiondo nilishawapunguzia?"

Katika maneno yake mjomba alitaja mambo matatu: intaneti, kadi ya michoro, na kupunguza. Somo letu la leo litayapima yote matatu, moja baada ya jingine.

1. VIDEO NI NINI HASA?

Video ni picha nyingi zinazopita mbele ya macho upesi upesi hata tukadhani ni kitu kimoja kinachosogea. Simu nyingi hurekodi picha 30 kila sekunde. Hebu tufanye hesabu kidogo, hata nyinyi mnaoikimbia hesabu. Picha yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3, yaani moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, sekunde moja ya video itahitaji baiti 186,624,000. Saa moja itahitaji takribani gigabaiti 672. Ni diski gani ya nyumbani itakayovumilia mzigo huo?

Ndiyo maana video haihifadhiwi ikiwa tupu namna hiyo. Hufupishwa. Simu haiandiki kila nukta ya kila picha. Huandika picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata ikaandika tu kilichobadilika. Nyanya akiwa ameketi mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki, basi ya nini kuuandika mara 30 kila sekunde? Kinachoandikwa ni mkono uliosogea na mdomo uliofunguka. Kwa ufundi huo, simu ya iPhone inayorekodi picha 30 kwa sekunde kwa ukubwa wa 4K, yaani nukta 3,840 kwa 2,160, hutumia takribani megabaiti 170 kwa dakika. Bila kufupisha, dakika hiyo moja ingehitaji karibu gigabaiti 45.

2. KODEKI NI LUGHA

Kanuni za kufupisha na kufupua huitwa kodeki. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tutaielewa kodeki upesi tukiifikiria kuwa ni lugha. Kama zilivyo lugha, kodeki ziko nyingi, na si kila chombo hujua zote. H.264 ilitoka mwaka wa 2003, na karibu kila runinga na simu huifahamu. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilitoka mwaka wa 2013, na lengo lake ni kubeba picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya nafasi. VP9 ni ya mwaka huo huo wa 2013. AV1 ilitolewa mwaka wa 2018.

Sasa fumbo letu linaanza kufumbuka. Simu ya mama mdogo ilirekodi kwa HEVC. Runinga ya sebuleni ni ya zamani, inajua H.264 tu. Mmoja anasema lugha ambayo mwenzake haisikii! Katika hali hiyo seva haina budi kuwa mkalimani. Husoma HEVC, huipunguza picha itoshee kwenye runinga, kisha huiandika upya kwa H.264, na haya yote huyafanya video ikiwa inaendelea. Kitendo hiki mafundi hukiita transikodi. Sisi tukiite ugeuzaji.

Zingatieni, wenzangu, kwamba si kila wakati mkalimani huhitajika. Seva ina njia tatu za kumpa mtu video:

(a) Kuitoa moja kwa moja. Runinga inaijua kodeki, seva inapeleka faili kama lilivyo. Hapa hata kompyuta dhaifu hutosha.

(b) Kubadilisha bahasha. MKV na MP4 si lugha, ni bahasha tu. Barua ikiwa inasomeka lakini bahasha haikubaliki, seva huitia barua ile ile katika bahasha nyingine. Kazi yake ni ndogo.

(c) Kugeuza. Hapa barua yenyewe huandikwa upya. Hii ndiyo kazi nzito.

Basi intaneti haikuwa na hatia. Waya wetu wa nyumbani ulikuwa ukimsubiri mkalimani aliyelemewa.

3. KWA NINI ALILEMEWA?

Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, ambayo ni bongo la kazi zote. Prosesa inaweza kupiga hesabu yoyote, lakini kwa kuwa ni ya kila kazi, hugeuza video kwa kuhangaika. Ni sawa na kumwomba mwalimu mkuu apike chakula cha shule nzima. Atapika, lakini tutakula saa ngapi?

Mkalimani wa papo hapo ana sharti moja lisilo na msamaha: asiachwe nyuma na msemaji. Video ikiwa na picha 30 kwa sekunde, seva lazima igeuze picha 30 au zaidi kila sekunde. Nilipochungulia, ya kwetu ilikuwa ikigeuza picha 12 tu. Runinga ilikula zile 12, ikangoja, ikala, ikangoja. Huko ndiko kuganda kwenyewe.

Kadi ya michoro ina kijisehemu kilichotengenezwa kwa kazi hii peke yake. Ni saketi zilizochongwa kusoma na kuandika kodeki fulani, wala haziwezi kupiga hesabu nyingine. Wengi hudhani kwamba kadi hugeuza video kwa zile nguvu zake za kuchezea michezo. La hasha. Kijisehemu hiki ni cha kando, na ndiyo sababu hata kadi ndogo yaweza kugeuza video vizuri, na tena kwa umeme kidogo.

Intel walianza kukitia kijisehemu chao ndani ya prosesa yenyewe mwaka wa 2011, wakakiita Quick Sync. NVIDIA walileta chao, NVENC, katika kadi za mwaka wa 2012, na AMD nao hawakubaki nyuma.

4. KABLA YA KUNUNUA, CHUNGUZA

Mjomba alitushauri tununue kadi. Ushauri wake haukuwa mbaya, ila ulitangulia uchunguzi. Prosesa nyingi za Intel zina kadi ya michoro ndani yake, hata kama kompyuta haina kadi ya pekee. Tazama jina la prosesa yako:

- Kizazi cha 6 (2015) husoma na kuandika H.264 na HEVC ya kawaida ya biti 8.
- Kizazi cha 7 huongeza HEVC ya biti 10 pamoja na VP9.
- Kizazi cha 11 (2020) huongeza kusoma AV1.

Jihadhari na herufi F mwishoni mwa jina, kwa mfano i5-9400F. Herufi hiyo humaanisha kwamba prosesa haina michoro ndani. Hapo ndipo kadi ya pekee huhitajika.

Fikiria pia umeme. Seva hukaa imewashwa mchana na usiku. Kila wati 10 zinazoongezwa ni takribani yuniti 88 za umeme kwa mwaka. Kadi usiyoihitaji itakula tokeni hata wakati nyote mmelala.

Kompyuta yetu kuukuu ilikuwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha 7. Kumbe mkalimani hodari alikuwa amekaa mle ndani miaka yote hiyo, ila hakuna aliyemwita!

5. HATUA ZA KUMWITA MKALIMANI

Tunatumia mfumo wa Linux, aina ya Ubuntu, na programu ya Jellyfin, ambayo ni ya bure na ilianzishwa mwezi wa Desemba mwaka wa 2018. Kazi ya kugeuza hufanywa na chombo kiitwacho FFmpeg, nayo Jellyfin huja na FFmpeg yake. Ziko programu nyingine kama Plex na Emby, lakini hizo hudai malipo kabla ya kukuruhusu kutumia kadi kugeuza video.

Hatua ya kwanza: hakikisha kadi inaonekana. Andika amri hii:

ls /dev/dri

Ukiona jina renderD128, huo ndio mlango wa kadi. Usipouona, huenda michoro ya ndani imezimwa katika mipangilio ya kompyuta inayotokea kabla ya mfumo kuwaka.

Hatua ya pili: ipe Jellyfin ruhusa ya kupita mlango huo. Hapa ndipo wengi huangukia. Jellyfin huendeshwa kama mtumiaji wa pekee, naye asipokuwa katika kundi linaloruhusiwa, atabisha hodi mpaka kuche. Andika:

sudo usermod -aG render jellyfin
sudo systemctl restart jellyfin

Hatua ya tatu: iulize kadi inajua lugha zipi. Amri ni hii, yote katika mstari mmoja:

sudo /usr/lib/jellyfin-ffmpeg/vainfo --display drm --device /dev/dri/renderD128

Orodha itatokea. Mstari wenye HEVCMain na VLD humaanisha kwamba kadi inaweza kusoma HEVC. Mstari wenye H264 na EncSlice humaanisha inaweza kuandika H.264. Nakili majibu katika daftari.

Hatua ya nne: fungua Jellyfin, uingie kwa jina la msimamizi. Nenda Dashboard, kisha Playback, kisha Transcoding. Penye maneno Hardware acceleration, chagua Intel QuickSync. Mwenye kadi ya NVIDIA atachagua NVENC baada ya kuweka programu endeshi ya kadi yake. Mwenye AMD katika Linux atachagua VAAPI.

Hatua ya tano: chini yake mna orodha ya kodeki zenye visanduku. Tia alama zile tu ambazo kadi yako ilizikiri katika hatua ya tatu. Usitie alama zote kwa tamaa! Ukisema kadi inajua AV1 na kumbe haijui, video ya AV1 huenda isicheze kabisa. Kwa kizazi cha 7 sisi hatukutia alama AV1. Hakikisha pia Enable hardware encoding imewashwa, kisha bonyeza Save.

6. JE, ANAFANYA KAZI KWELI?

Usiridhike kwa sababu picha imeonekana. Jellyfin yaweza kuwa bado inaitumia prosesa. Pima kwa njia mbili.

Ya kwanza, weka programu ya intel-gpu-tools, halafu uandike sudo intel_gpu_top huku video ikiendelea. Mstari wenye neno Video ukipanda kutoka sifuri, kadi iko kazini. Kwa NVIDIA, tumia nvidia-smi.

Ya pili, tazama Dashboard wakati wa kucheza. Utaonyeshwa idadi ya picha zinazogeuzwa kwa sekunde. Kwetu ile 12 ilipanda ikapita 60, ilhali prosesa ilikuwa imetulia tuli. Wakati ule ule dada akafungua video nyingine kwa simu, na ya kwanza haikuyumba.

7. MAKOSA YA KAWAIDA

Kosa la kwanza ni manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Yakiwa maandishi halisi, kama faili la SRT, kwa kawaida chombo huyaonyesha chenyewe. Yakiwa ni picha, kama ilivyo katika diski za Blu-ray, mara nyingi seva hulazimika kuyachora juu ya kila picha ya video, na ugeuzaji huanza hata kama kodeki ilikuwa sawa.

Kosa la pili ni kuchagua ubora mdogo kwenye simu bila kujua. Ukiiambia seva ikupe megabiti 4 kwa sekunde, na faili lina megabiti 20, lazima igeuze. Nyumbani acha chaguo la Auto.

Kosa la tatu ni kulaumu mashine kabla ya kusoma. Video ikiwa inacheza, Jellyfin ina ukurasa mdogo wa Playback Info unaotaja sababu ya kugeuza. Sababu imeandikwa, sisi hatusomi!

8. TAFSIRI HUPITA, ASILI HAIRUDI

Sasa nirudi kwa lile jambo la tatu alilolitaja mjomba, la kupunguza.

Sote tumesoma fasihi zilizotafsiriwa, na twajua kwamba kila tafsiri hupoteza kitu. Ugeuzaji wa video ni hivyo hivyo. Kila video inapoandikwa upya, vitu vidogo hutupwa, na kilichotupwa hakirudi. Tena mkalimani wa kadi, kwa sababu ya haraka yake, kwa ukubwa uleule wa faili mara nyingi hutoa picha duni kidogo kuliko prosesa iliyopewa muda wa kutosha. Kwa kutazama sebuleni haidhuru, maana baada ya kutazama tafsiri hutupwa na faili la asili hubaki diskini. Madhara huja pale mtu anapoifanya tafsiri kuwa asili.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa rekodi ya kiondo. Mjomba, kwa nia njema kabisa, aliipunguza kwa programu ya simu, akairudisha sevani, akalifuta faili kubwa. Mama mdogo naye alikuwa ameshabadilisha simu. Rekodi iliyobaki inacheza vizuri bila kuganda, na sauti ya nyanya inasikika. Lakini dada yangu mdogo, ambaye anajifunza kusuka kwa kuitazama, hufika mahali nyanya anapobadilisha rangi ya uzi akakwama. Hapo vidole vyake vimekuwa ukungu. Nyuzi hazihesabiki. Tuliijaribu kadi, tukaijaribu na prosesa usiku kucha. Hakuna mkalimani awezaye kutafsiri neno ambalo halikuandikwa.

Rekodi mbili nyingine ziko salama. Ile ya ngano tuliitazama siku ya pili yake, na safari hii nyanya aliposema "Paukwa!" sebule nzima iliitikia, mjomba akiwa wa kwanza. Baadaye yeye mwenyewe alitununulia diski ya nje, tukanakili faili za asili, na diski hiyo sasa inakaa kwake.

Kwa hivyo, wenzangu, mkiwa na video inayoganda, msiikimbilie kalamu ya kufuta. Ulizeni kwanza: chombo changu kinajua lugha gani? Je, mkalimani yumo ndani? Ameruhusiwa kuingia? Muacheni ageuze anavyotaka, lakini asili iwekeni mahali pawili. Hapo ndipo akiba haitaoza.

ZOEZI

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya kodeki na bahasha ya video.
2. Video ina picha 25 kwa sekunde. Seva inageuza picha 20 kwa sekunde. Mtazamaji ataona nini, na kwa nini?
3. Piga hesabu: dakika moja ya video isiyofupishwa, yenye nukta 1,280 kwa 720 na picha 30 kwa sekunde, inahitaji baiti ngapi?
4. Jirani yako ana prosesa ya i5-9400F na hana kadi ya michoro ya pekee. Mshauri.
5. "Tafsiri haiwezi kuchukua mahali pa asili." Jadili kauli hii ukirejelea fasihi na video.
6. Nenda nyumbani ukatafute rekodi moja ya mzee wa ukoo wako. Chunguza ni ya kodeki gani, kisha uinakili bila kuibadilisha. Hili halina alama, lakini lifanye kwanza.